Kidole Kilichokufa Ganzi

Mwaka 1848 mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akashika njia ya Uchagani. Tarehe 11 Mei aliona kileleni mwa mlima Kilimanjaro kitu cheupe ambacho hakikusogea kama mawingu yanavyosogea. Alipomuuliza kiongozi wake ni kitu gani kile, alijibiwa kwa neno moja: baridi.

Kiongozi yule hakuwa na neno la theluji. Alikuwa na neno la kile ambacho theluji humfanyia mtu, na watu wa chini ya mlima walilijua neno hilo kwa machungu. Katika safari zake za Uchagani, Rebmann alisimuliwa kwamba Mangi Rungua wa Machame aliwahi kutuma kundi la watu wapande wakaangalie kile kitu kinachong'aa, akitumaini kuwa ni fedha. Aliyeokoka alikuwa mmoja tu, naye alirudi na mikono na miguu iliyokunjamana, imeharibika moja kwa moja. Watu walisema ni kazi ya pepo wa mlimani.

Daktari yeyote wa leo akisikia habari hiyo atajua kilichompata. Viungo vyake viliganda. Kiswahili hakina neno moja la jeraha hili; baridi yabisi ni ugonjwa mwingine kabisa, wa viungo na maungio. Lakini tuna msemo unaolikaribia mno, nao ni kufa ganzi. Tunautumia ovyo, mtu akikalia mguu wake msikitini au kwenye daladala. Juu ya mlima msemo huo ni maelezo kamili ya kinachotokea, hatua kwa hatua: kwanza ganzi, kisha kifo.

Ili tuone kifo hicho kinavyoingia, tuanze na kidole chenyewe. Shika mkono wako wa kushoto chini kidogo ya kiwiko, kisha ukunje na kukunjua vidole vya mkono huo. Utasikia nyama zikicheza kiganjani mwa mkono ulioshika. Misuli mikubwa inayovivuta vidole imekaa huko juu, mbali na vidole. Kidole chenyewe ni mfupa, kano, mishipa na ngozi. Misuli huzalisha joto jingi mwilini, na kidole hakina misuli ya maana, kwa hiyo karibu joto lake lote huletewa na damu. Ni hivyo hivyo kwa kidole cha mguu, ncha ya pua na sikio. Vyote ni vyembamba, vimechomoza nje, na vinaishi kwa joto la kuazima.

Mwili huhitaji nyuzi 37 hivi za Selsiasi katika moyo, ubongo na ini. Joto la huko ndani likishuka chini ya 35 mtu yuko hatarini: anatetemeka, ulimi unakuwa mzito, akili inaanza kupotea. Kwa hiyo baridi inapozidi, mwili huyalinda ya ndani kwanza. Mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu hujibana ili damu ya moto isiende kupoa kwenye ncha. Mwili umeamua kuviacha vidole ili moyo upone. Ni uamuzi sahihi, na bila huo watu wengi zaidi wangekufa porini.

Hata hivyo mwili hauviachi mara moja. Mwaka 1930 Thomas Lewis, daktari wa London, alieleza jambo ambalo muuza samaki yeyote anayechovya mikono kwenye sanduku la barafu analijua. Kidole kikitiwa kwenye maji ya barafu, kinapoa, kinauma, kinakufa ganzi. Kisha, baada ya dakika 5 hadi 10 hivi, mishipa inajifungua yenyewe, damu inaingia na kidole kinapata moto tena. Halafu inajifunga. Inafungua, inafunga, kama mtu anayerudi kila mara kuchungulia kama aliowaacha bado wako hai. Mwili wote ukishapoa sana, mchezo huo hukoma na mlango hubaki umefungwa.

Hapo kuganda kunaanza. Maji safi huganda kwenye nyuzi 0. Maji ya mwilini yana chumvi, kwa hiyo huganda chini kidogo ya hapo, kama nusu nyuzi chini ya sifuri. Wengi hudhani kwamba barafu hupasua chembe hai kama chupa ya soda inavyopasuka kwenye friza. Baridi inapoingia polepole, mambo huwa tofauti. Barafu hujijenga kwanza katika majimaji yaliyo nje ya chembe. Inapojijenga huchukua maji matupu na kuacha chumvi, na chumvi hiyo, ikizidi kuwa kali, huyavuta maji kutoka ndani ya chembe. Yeyote aliyeona ng'onda akitengenezwa pwani amekwisha kuona jambo hili kwa macho: samaki hupakwa chumvi, anatoa maji, anasinyaa. Chembe za kidole kinachoganda hukaushwa kwa chumvi yake chenyewe.

Na wakati haya yote yanatokea, mwenye kidole hasikii kitu. Hili ndilo jambo ambalo ningetaka msomaji alibebe hata kama atasahau mengine yote ya sura hii. Baridi inayouma bado haijashinda. Ngozi ikipoa kufikia nyuzi 10 hivi, mishipa ya fahamu huanza kunyamaza. Maumivu yanapungua, mtu anaona nafuu, anadhani amezoea. Kidole kinaanza kuhisiwa kama kipande cha mti kilichobandikwa mkononi. Nafuu hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Tarehe 3 Juni 1950 Wafaransa wawili, Maurice Herzog na Louis Lachenal, walisimama juu ya Annapurna huko Nepal, mita 8,091. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kufika kilele cha mlima unaozidi mita 8,000. Hawakuwa na mitungi ya hewa, na Lachenal alikuwa ana wasiwasi tangu mapema kwamba miguu yake inakufa. Wakati wa kushuka, Herzog alisimama kufungua begi lake. Akavua glavu, akaziweka kwenye theluji. Zikateleza. Alizitazama zikiteremka taratibu hadi zikapotea, kisha akaendelea kushuka mikono mitupu. Ndani ya begi lile alikuwa na soksi za akiba ambazo zingeweza kufunika mikono yake. Hazikumjia akilini. Hewa haba ya kule juu na baridi vilikuwa vimekwisha kumpunguzia akili, na mikono haikumwuma kiasi cha kumkumbusha.

Herzog alipofika hema la juu, mwenzao Lionel Terray alitoka kumpongeza na kumshika mkono. Alichoshika kilikuwa kigumu na baridi kama barafu. Usiku kucha yeye na Gaston Rébuffat waliwapigapiga wenzao mikono na miguu kwa vipande vya kamba, wakiamini kwamba wanairudisha damu. Kesho yake wakapotea katika dhoruba, wakalala wanne ndani ya ufa wa barafu wakiwa na mfuko mmoja wa kulalia. Viungo vilivyoganda, vikapigwa, viliingia tena kwenye baridi. Daktari wa msafara, Jacques Oudot, aliwachoma sindano za dawa kwenye mishipa ya mapajani ili kufungua njia ya damu, sindano zilizowafanya walie kwa uchungu. Katika safari ndefu ya kurudi kupitia Nepal na India, kwa kubebwa mgongoni na kwa treni, aliwakata vidole kimoja baada ya kingine. Lachenal alipoteza vidole vyote vya miguu. Herzog alipoteza vya miguu vyote na karibu vya mikono vyote.

Kuna swali ambalo kila anayesoma habari ya Herzog hujiuliza: kwa nini vidole vilikatwa wiki kadhaa baadaye? Kama viliganda siku ile, si vilikufa siku ile?

Jibu ni kwamba baridi huumiza mara mbili. Mara ya kwanza ni kuganda. Mara ya pili ni kuyeyuka. Damu inaporudi kwenye kidole kilichoganda inakuta mishipa midogo imechubuka kwa ndani. Majimaji yanavuja, kidole kinavimba, malengelenge yanatokea. Yakiwa na maji meupe kuna matumaini. Yakiwa na damu, jeraha limekwenda chini. Ndani ya mishipa iliyochubuka damu inaanza kuganda mabonge madogo madogo, na mabonge hayo yanaziba njia ile ile ambayo imetoka kufunguliwa. Kidole kilichokuwa na nafasi ya kupona kinakosa damu kwa mara ya pili, safari hii ndani ya chumba chenye joto. Katika siku na wiki zinazofuata kinageuka cheusi, kinakauka, kinakuwa kama kijiti cha mkaa. Hilo ni donda ndugu kavu. Mpaka wa kilichokufa na kilicho hai hujichora polepole, wakati mwingine kwa miezi, na kwa sababu hiyo madaktari wazoefu hawakimbilii kisu. Wanaokata mapema hukata na nyama iliyokuwa itapona. Ila uozo mbichi ukiingia, hapo hakuna kungoja.

Kuyeyuka huko kuliwachanganya waganga kwa zaidi ya miaka 100. Dominique Jean Larrey, daktari mkuu wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, aliona huko Eylau mwaka 1807 kwamba askari walianza kulalamika miguu baridi ilipopungua, wala si ilipokuwa kali. Mwaka 1812, katika kurudi nyuma kutoka Moscow, aliona askari wakisogeza mikono na miguu iliyokufa ganzi kwenye mioto ya kambi usiku. Ngozi isiyo na hisia iliungua bila mwenyewe kujua. Asubuhi walitembea, ikaganda tena. Larrey akahitimisha kwamba joto ndilo adui, akashauri kusugua kiungo kwa theluji na kukiyeyusha taratibu. Alichokiona kilikuwa kweli tupu. Moto uliwaunguza, na kuganda mara ya pili kuliwamaliza. Lakini dawa aliyotoa ilikuwa mbaya. Kusugua nyama yenye barafu ndani yake ni kuisaga, na kuiyeyusha polepole ni kuiacha zaidi katika hali inayoiua. Kwa kuwa aliyesema alikuwa daktari mkubwa na mwenye huruma kwa askari, watu walisugua theluji hadi katikati ya karne ya 20.

Sehemu ya elimu hii imepatikana kwa njia ambayo haifai kusahauliwa. Karibu na Harbin, kaskazini mashariki mwa China, kikosi cha jeshi la Japani kilichojulikana kama Kikosi 731 kiliwatoa wafungwa nje wakati wa baridi kali hadi mikono yao ikaganda, kisha kikajaribu njia mbalimbali za kuiyeyusha. Aliyeongoza majaribio hayo, Yoshimura Hisato, baada ya vita alikuja kuwa mkuu wa chuo kikuu cha udaktari. Wale wafungwa hawakurudi kwao.

Elimu ya halali ilitoka kwingine. Katika Umoja wa Kisovyeti, Semyon Girgolav na wenzake walitetea kuyeyusha kwa haraka. Huko Anchorage, Alaska, daktari wa upasuaji William Mills alitibu majeruhi wengi wa baridi na mwaka 1960 akaanza kuchapisha matokeo yake, na tangu hapo theluji ikaondolewa mezani. Kanuni inayofuatwa leo ni rahisi kiasi kwamba mama yeyote aliyewahi kumwogesha mtoto mchanga anaijua kwa kiwiko chake: maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, ya kutosha kuzamisha kiungo chote, yanayoongezwa moto kila yanapopoa, kwa nusu saa hivi au mpaka nyama ilainike na rangi irudi. Moto wa kuni hapana. Jiko hapana. Kusugua hapana. Dawa ya maumivu apewe, tena mapema, kwa sababu kidole kinachoyeyuka huuma kuliko kilivyouma kikiwa kinaganda. Na kama kuna uwezekano wa kiungo kuganda tena njiani, kisiyeyushwe kwa makusudi; mtu anaweza kutembea kwa mguu ulioganda akafika, lakini mguu ulioyeyushwa ukaganda upya mara nyingi haupatikani tena.

Tiba ya mabonge ya damu nayo imefika. Emmanuel Cauchy, daktari wa milimani wa Chamonix, Ufaransa, alichapisha na wenzake mwaka 2011 matokeo ya wagonjwa 47 waliogandishwa vibaya. Katika kundi lililopewa dawa ya kutanua mishipa iitwayo iloprosti hakuna aliyekatwa hata kidole kimoja. Cauchy alikufa kwa maporomoko ya theluji mwaka 2018. Mwezi Februari 2024 Marekani iliidhinisha iloprosti, ikawa dawa ya kwanza nchini humo kuidhinishwa mahususi kwa jeraha la baridi lililokithiri. Inafaa ikiwahi. Anayekaa nyumbani siku tatu akitazama kidole chake kinavyobadilika rangi anakuwa ameiacha ipite.

Sasa nizungumze na wasomaji wangu kuhusu jambo linalotuhusu sisi hasa. Rekodi za jeshi la Marekani za miaka ya 1980 hadi 1999 zinaonyesha kwamba wanajeshi wanaume wenye asili ya Afrika waliumizwa na baridi takriban mara 4 zaidi ya wenzao weupe, na wanawake zaidi kidogo ya mara 2. Vita vya Korea vilikuwa vimekwisha kuonyesha tofauti hiyo. Ule mchezo wa mishipa kufungua na kufunga alioueleza Lewis ni dhaifu zaidi, kwa wastani, kwa watu wenye asili ya Afrika. Vidole vyetu hupoa haraka na huchelewa kupata moto. Hakuna aibu hapo, wala haina maana kwamba baridi si yetu. Maana yake ni kwamba Mswahili akivaa sawasawa na jirani yake Mfini, hajavaa vya kutosha.

Na tena vitabu vingi vya huduma ya kwanza vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Vinasema angalia wekundu, kisha weupe. Kwenye ngozi nyeusi tafuta rangi ya majivu, mpauko wa kijivu, mng'ao kama wa nta. Kisha bonyeza. Ngozi ya juu ikiwa ngumu lakini chini kuna ulaini, jeraha bado ni la juu. Ikiwa ngumu hadi ndani, kama nyama iliyotoka kwenye friza, tafuta hospitali saa ile ile.

Siku ya mkesha wa Krismasi mwaka 2016, vijana wawili wa Ghana waliokuwa wakitafuta hifadhi walivuka kwa miguu mpaka wa Marekani na Kanada, kuelekea Emerson katika jimbo la Manitoba. Walipita mashamba yenye theluji nyingi, glavu zao zikapotea, na mwisho wakasimama barabarani wakishindwa hata kushika simu, mpaka dereva wa lori alipowasimamia. Mmoja alipoteza vidole vyote kumi vya mikono. Mwenzake hakubakiwa na zaidi ya gumba. Mwaka uliofuata Kanada iliwakubali kuwa wakimbizi. Nilipozisoma habari zao nilifikiria Wakongo, Warundi na Wasomali wanaozungumza Kiswahili huko Minneapolis na Winnipeg, wengi wao wakifika moja kwa moja kutoka kambi za joto kama Nyarugusu na Kakuma, na nani huwa anawaeleza habari hizi siku wanayotua.

Hata nyumbani hatuko salama kabisa. Propani iliyomo katika gesi ya kupikia huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi ukivuja gesi ikiwa bado ni maji, ikarukia mkono, ngozi huganda papo hapo, Dar es Salaam katikati ya Januari. Barafu iliyobandikwa moja kwa moja juu ya kifundo kilichoteguka, mtu akalala nayo, inaweza kufanya hivyo pia.

Lakini mahali petu pa kweli pa jeraha hili ni pale pale alipopatwa yule mtu wa Mangi Rungua. Kituo cha mwisho kabla ya kilele kwa wapandao kwa njia ya Machame kinaitwa Barafu, mita 4,673. Wageni huamshwa karibu na usiku wa manane ili wafike Uhuru, mita 5,895, jua likichomoza. Katika saa hizo joto linaweza kushuka hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, na upepo ukivuma, ngozi iliyo wazi hupoa upesi zaidi ya hapo. Sasa mwangalie kiongozi. Mgeni ameshindwa kufunga zipu ya koti. Kiongozi anavua glavu zake, anazibana kwapani, anapiga magoti, anafunga zipu, anakaza kamba za buti, anafungua chupa ya maji ambayo kifuniko chake kimeganda. Kisha mgeni wa pili. Kisha wa tatu. Usiku mmoja huvua glavu zake mara nyingi kuliko wageni wake wote kwa pamoja, na aghalabu glavu hizo ni nyepesi kuliko zao. Wagumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, na jina wamelistahili. Ugumu huo haumo ndani ya vidole.

Kwa hiyo nakuomba, kiongozi, na wewe mpagazi, na wewe mzazi uliyehamia kwenye theluji: funga glavu zako kwa kamba inayopita mikononi mwa koti, kama za watoto wa shule, ili zisianguke kamwe. Beba soksi kavu, na uzikumbuke. Buti lisibane. Usivute sigara, maana hubana mishipa. Usinywe pombe, maana hupoteza joto na akili kwa pamoja. Na kila nusu saa muulize mwenzako kama vidole vinamwuma. Akisema vinauma, simameni mvipashe moto kwapani. Akisema vimenyamaza, geuzeni mshuke, hata kama kilele kinaonekana.